Fyuzi ya ampia 15 ilikuwa inakata kila nikiwasha taa za spoti, fundi kaniwekea ya 30. Niko salama?

mwana_makete

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaojua umeme wa magari maana mimi ni dereva tu, umeme ninaoujua ni wa LUKU.

Nina Probox ile ya zamani, injini 1NZ, napiga ruti ya Njombe Makete na vijiji vya huko ndani. Wanaoijua hiyo njia wanajua ukungu wake, kuna asubuhi hata mbuzi aliye mbele ya bampa humuoni. Basi nikafunga spoti mbili za halojeni, kila moja imeandikwa 100W. Fundi akachukua umeme nyuma ya ile sehemu ya kuwashia sigara, akapitisha kwenye swichi pale chini ya usukani, halafu waya ukaenda mbele mpaka kwenye taa.

Siku ya kwanza safi kabisa. Tatizo nikitembea kama dakika kumi hivi zikiwa zinawaka, pap, zinazima zote mbili na chaji ya simu nayo inazima. Nikifungua boksi la fyuzi nakuta ile ya 15 imekata. Naweka mpya, zinawaka tena, baada ya muda zinazima. Wiki moja nimechoma fyuzi sita. Nikarudi kwa fundi akacheka akasema hiyo fyuzi ni ndogo, akaniwekea ya kijani ya 30. Kweli haijakata tena mpaka leo.

Sasa juzi usiku natoka Makete nikaanza kusikia harufu kama ya plastiki, abiria wa mbele ndo alianza kuniambia. Nikagusa swichi ya spoti, ya moto huwezi kushika. Nikazima, harufu ikapotea.

Swali langu, ya 30 imezidi? Niweke 20 au 25? Na fundi kaweka pia fyuzi moja ya kioo kule mbele karibu kabisa na taa, anasema hiyo ndo inalinda kila kitu. Nisaidieni kabla sijaua watu.

mtu_wa_stendi

Kaka hizo fyuzi ni biashara ya watu wa spea tu. Mimi kwenye Carina yangu niliweka karatasi ya sigara 2 years ago na gari inatembea mpaka kesho. Harufu ya plastiki ni kawaida gari ikiwa na joto.

spana_kumi

@mtu_wa_stendi kaka yangu wewe unatembea na kiberiti mfukoni unasema hakijawahi kuwaka. Siku waya wako ukichunika ukagusa bodi utatuambia.

Haya mwana_makete, kwanza leo hii usiwashe hizo spoti. Toa hiyo ya 30 rudisha ya 15, tembea na taa za kawaida mpaka ukishughulikia hili jambo. Halafu soma taratibu maana nitaandika mengi kidogo, hili swali naletewa gereji kila wiki na kila mara mtu anauliza kitu kimoja, "niweke fyuzi ya ngapi ili isikate". Swali lenyewe ndo limekaa vibaya. Fyuzi haikuwekwa pale kulinda taa yako wala redio wala chaji. Imewekwa kulinda WAYA. Toyota alipoweka 15 pale alishaangalia unene wa ule waya unaotoka kwenye boksi mpaka kwenye sehemu ya sigara, akasema huu waya ukipitisha zaidi ya hapa kwa muda mrefu utaanza kupata joto, kwa hiyo kitu cha kwanza kufa kiwe fyuzi ya jero na sio waya uliolala ndani ya dashibodi pamoja na wenzake ishirini. Ukiweka ya 30 waya haujanenepa. Umemfukuza mlinzi tu.

Na joto la waya haliongezeki kwa mstari ulionyooka. Umeme ukizidi mara mbili joto linakua mara nne. Waya uliopangiwa 15 ukiupitishia 30 unapika mara nne ya ile iliyokusudiwa, na ngozi ya hizi nyaya za kawaida za gari imetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 80 hivi, sio zaidi sana ya hapo. Hiyo ndo harufu uliyoisikia.

Sasa tupige hesabu yako. Spoti mbili za 100W ni 200W. Gawanya kwa 12 unapata karibu 16.7A. Lakini injini ikiwa inawaka gari haiko kwenye 12, altaneta inatoa 13.8 mpaka 14 na kitu, na balbu ya halojeni ikipewa volti zaidi inakula zaidi, kwa hiyo weka 18A. Ongeza chaji ya simu na pengine kuna abiria mwingine kachomeka yake, tuseme 2A. Jumla 20A kwenye fyuzi ya 15. Ndo maana ilikuwa inakata baada ya dakika kumi na sio palepale. Watu wengi hawajui hili, wanadhani fyuzi ya 15 inakata ikifika 15 na nukta. Hapana. Fyuzi hizi za miguu miwili ukizidisha asilimia 10 inaweza ikakaa masaa 100 bila kukata. Ukizidisha asilimia 35, ambako ndo ulikokuwa wewe, inakata ndani ya dakika kumi au chini yake. Ukizidisha mara mbili inakata ndani ya sekunde 5. Shoti kamili inakata kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo tabia ya fyuzi inakuambia ugonjwa. Ikikata palepale unapowasha, au hata unapoichomeka tu, una shoti, tafuta waya uliochunika. Ikikaa kidogo ndo inakata, umezidisha mzigo. Ikikata ukipita kwenye rasta au mashimo tu, kuna waya unacheza unagusa bodi. Wewe ni wa mzigo, huna shoti, kwa hiyo usihangaike kufumua gari zima.

Cha kufanya ni hivi. Huo umeme wa spoti usitoke kwenye sigara kabisa. Nunua rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya kawaida ya miguu minne, kwa chini ina namba 30, 87, 85, 86. Namba 30 inatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 bodi, 86 inatoka kwenye swichi yako. Swichi sasa haibebi mzigo wa taa, inaamsha rilei tu, na rilei inakula hata 0.2A haifiki, kwa hiyo hapo kwenye sigara hata fyuzi haitajua kama kuna kitu kimeongezeka. Swichi yako haitapata moto tena. Hizo swichi za kichina nyingi zimeandikwa 10A au chini, ukazipitishia 18, ulitegemea nini.

Waya kutoka betri mpaka kwenye taa tumia 2.5mm² ya shaba halisi, na ukipata 4mm² ndo raha zaidi, taa zitawaka kwa nguvu. Kutoka betri mpaka bampa kwenye Probox ni kama mita mbili tu, hautaumia bei. Fyuzi sasa, mzigo wako ni 18A, usitake fyuzi ifanye kazi muda wote ikiwa imejaa pomoni, iachie nafasi ya robo hivi. 18 gawanya kwa 0.8 inakuja 22.5, saizi ya dukani inayofuata juu ni 25. Hapohapo uliza swali la pili ambalo watu wanalisahau, je waya wangu unabeba 25? 2.5mm² inabeba kwa urefu huo ukiwa umepita sehemu ya hewa, 4mm² inabeba na kubaki. Jibu likiwa ndiyo weka 25. Jibu likiwa hapana usishushe fyuzi wala usiipandishe, badilisha waya.

Kuhusu ile ya kioo karibu na taa, hiyo ni pambo. Fikiria bomba la maji limepasuka katikati ya shamba na koki iko mwisho kwenye ndoo. Ukifunga koki umezuia nini? Umeme unatoka betri, na betri ukiipiga shoti inatema mamia ya ampia bila kuuliza. Kipande chote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwa hiyo fyuzi ikae mwanzo, karibu na betri kadiri inavyowezekana, sentimita 15 au 20 ukiweza. Na hizo za kioo kwenye gari linaloruka mashimo ya Makete zinalegea kwenye kishikio chake, zinapata kutu, acha. Tumia kishikio cha fyuzi za miguu chenye mfuniko wa mpira.

Na hakikisha pale waya unapotoboa bati kuingia ndani kuna raba. Bila raba bati linakata ngozi ya waya kama msumeno, polepole, miezi sita baadae unakuja kulalamika hapa.

mwana_makete

Mkuu spana_kumi Mungu akubariki. Nimetoa ya 30 usiku huuhuu. Kwa hiyo hata ningeweka 20 ingekuwa bado makosa?

spana_kumi

Makosa ndiyo, ila madogo. Hata 20 usiweke kwenye tundu la 15. Pale chini ya mfuniko wa boksi kuna maandishi CIG 15A, hayo hayakuandikwa kwa urembo.

dada_wa_spea

Naongezea upande wa dukani maana ndo kazi yangu. Watu wanakuja wanasema "nipe fyuzi nyekundu". Nyekundu ipi? Fyuzi ndogo na za kati rangi zake ni sawa, 5 rangi ya khaki, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe ile ya kuonyesha ndani, 30 kijani. Lakini zile kubwa za maxi, nyekundu ni 50 na bluu ni 60. Umeona hapo? Mtu anakremisha rangi tu halafu anakuja kuchanganya. Soma namba iliyo mgongoni, rangi ni ya kukusaidia gizani tu.

Pili, feki zimejaa. Zile pakiti za fyuzi mia moja kwa bei ya soda, nyingine ndani yake bati ni nene kiasi kwamba plastiki inayeyuka ndo bati linafuata. Mimi mzigo mpya ukija huwa najaribu moja kabla sijauza. Nina balbu tatu kuukuu za H4, natumia upande wa 55W tu, nimeziunganisha pamoja zote zinakula umeme kwa wakati mmoja, hiyo inakaribia 14A. Napitishia kwenye fyuzi ya 5 kutoka betri, nje ya duka, mbali na vitu vya kuungua. Fyuzi ya kweli haifiki sekunde 5, mara nyingi ni papo hapo. Kuna pakiti moja nilijaribu balbu zikawaka kama za harusi, nikahesabu mpaka ishirini na plastiki ikaanza kupinda. Nikamrudishia mwenyewe mzigo wake wote. Na msijaribu kwa kugusisha fyuzi kwenye betri moja kwa moja bila balbu, ikiwa ni feki waya ulioshika mkononi ndo utageuka fyuzi.

Na waya hivyohivyo. Siku hizi kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unauzwa kama shaba. Kwangua na kisu, ndani ukiona weupe wa fedha huo sio shaba. Ni mwepesi pia ukiushika. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo ukiambiwa 2.5 halafu ni wa hivyo, wewe hesabu kama una 1.5.

semi_tunduma

Dogo wa Makete mimi napita hiyo milima na semi, nikuambie kitu nje ya fyuzi kidogo. Ukungu haupigwi na spoti. Spoti inapiga mbali, mwanga unagonga ukungu unakurudia usoni unaona ukuta mweupe. Taa ya ukungu inafungwa chini kabisa ya bampa na mwanga wake unatakiwa ulale chini. Spoti ni za usiku mkavu kwenye nyika. Fikiria hilo kabla hujanunua waya wa 4mm. Ukiweka LED ndogo za ukungu za 20W kila moja, mbili ni 40W, hiyo ni 3A tu, fyuzi yake ni 5 na waya mwembamba unatosha. Matatizo yako yote yanaisha bila rilei kubwa.

Haya kuhusu fyuzi. Sisi wa volti 24 tuna nafuu kwamba wati zilezile zinakula nusu ya umeme. Balbu ya 70W kwenye 24 ni kama 3A, kwenye 12 ni karibu 6. Hivyo mtu akikupa ushauri wa fyuzi hapa muulize kwanza anaongelea 12 au 24. Kuna kijana alihamisha vifaa vinavyokubali 12 na 24 kutoka kwenye lori lililokufa kuweka kwenye Hiace na fyuzi zake zilezile, akabaki anashangaa kila kitu kinakata.

Kingine, msiweke zile breka za nyumbani kwenye gari. Nimeona fundi kafunga breka ya ukutani ya 32 chini ya siti, anajisifia hautanunua fyuzi tena. Umeme wa nyumbani unapanda na kushuka, unapita sifuri mara mia moja kila sekunde, cheche ikizuka inajizimia yenyewe. Umeme wa betri hauna kupumzika, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka. Kama unataka breka nunua za magari zenyewe. Zipo za aina tatu, moja inakata na kurudi yenyewe ikipoa, nyingine inakaa imekata mpaka uzime kile kifaa, ya tatu mpaka uibonyeze kwa mkono. Ile ya kujirudia watu wanaipenda kwenye taa kubwa ili usibaki gizani kabisa kwenye kona, inazima inawaka inazima inawaka, angalau unapata nafasi ya kuegesha. Lakini kwenye sabufa au inveta usiweke hiyo, kama kuna shoti itakuwa inarudia kuchoma waya uleule usiku kucha wakati wewe umelala. Weka ya kubonyeza.

kisauni_dash

Niko Mombasa, nina Probox pia, na hapa kwetu shida si spoti bali dashicam na trekka. Fundi aliniwekea kile kishikio cha kuchomeka juu ya fyuzi ya gari, kile chenye matundu mawili, lile la chini unarudisha fyuzi ya asili na la juu unaweka ya kamera. Nikakaa miezi mitatu sijui kama amekigeuza. Kina upande wake. Ukikichomeka kinyume kamera inakula umeme uliokwisha pita kwenye fyuzi ya asili, mizigo yote miwili inapita fyuzi moja. Ukitaka kujua, toa fyuzi ya asili, washa switi, gusa matundu na testa uone upande gani una umeme ukiwa peke yake. Upande huo ndio wa betri, na mguu wa kishikio usio na mkia wa waya uelekee hapo.

Na tafadhali msichukue umeme kwenye fyuzi ya erbegi wala ya ECU (kompyuta ya injini) hata kama ndiyo iko karibu na mkono. Chukua kwenye redio au sigara. Kamera inakula hata 1A haifiki, iwekee fyuzi ya 2 au 3. Kuna mtu kwenye kundi letu aliiwekea 20 eti "isisumbue". Uzi wa kamera ni mwembamba kama wa hedifoni, 20 inalinda nini pale?

Spana_kumi swali langu, kwa nini mtu asipime tu ampia kwa mita badala ya kupiga hesabu za wati? Wati za kwenye maboksi ni uongo mtupu. Nina lile taa refu la LED limeandikwa 180W, nikapima nikakuta 5.2A.

spana_kumi

Pima, na ni vizuri zaidi. 5.2 mara 13.8 ni kama 72W, hiyo ndo 180 ya dukani. Tahadhari moja tu, zile mita za kawaida za mkononi tundu la ampia mwisho wake ni 10. Ukipima spoti za 18A humo umechoma mita. Tumia ile ya kukamata waya kama koleo, na iwe inayosoma umeme wa betri, maana nyingi za bei rahisi zinasoma wa nyumbani tu.

Na kwa vitu vyenye mota, feni ya rejeta, pampu, vioo, usitegemee namba ya kutembea tu. Vikianza vinavuta mara kadhaa ya kawaida yake kwa muda mfupi. Ndo maana feni ina zile fyuzi za boksi zinazokata polepole, ukiweka ya haraka ya namba ileile itakata bure. Feni ikianza kukata fyuzi yake iliyokuwa inatosha siku zote, mota inachoka, usiongeze fyuzi.

sauti_ya_mbagala

Wakuu nami niingie hapohapo, nataka kufunga amplifaya kwenye IST, imeandikwa 1000W. 1000 gawanya 12 ni 83A, kwa hiyo fyuzi ya 80 au 100? Waya niliopewa kwenye kifurushi cha amplifaya ni namba 8.

spana_kumi

Geuza amplifaya uangalie mgongoni, kuna fyuzi ngapi na za ngapi?

sauti_ya_mbagala

Mbili za 25

spana_kumi

Basi huo ndo ukweli wake, mwenye kiwanda mwenyewe kakuambia haili zaidi ya 50A. 50 mara 13.8 ni 690W inayoingia, na kama ni ya aina ya kawaida ya AB karibu nusu inageuka joto, kwenye spika utapata 350 hivi siku ikiwa nzuri. Hiyo 1000 ni ya kwenye stika.

Waya namba 8 ni kama 8mm². Ukiwa wa shaba halisi fyuzi ya betri weka 50, mwisho 60. Kwangua kwanza kama alivyosema dada_wa_spea, vifurushi vya aina hiyo vingi ni aluminiamu, ukikuta ni huo usifunge kwa 60, tafuta namba 4 ya shaba na usahau. Fyuzi ya betri hapa ndo muhimu kuliko popote kwenye gari, maana waya unatembea kutoka boneti mpaka buti, unapita chini ya kapeti, chini ya miguu ya watu, kwenye reli za siti. Zile fyuzi mbili za mgongoni zinalinda amplifaya, hazijui kinachotokea chini ya siti ya dereva. Nimeshapokea gari ambalo siti ilisogezwa mbele ikakata ngozi ya waya wa muziki na hakukuwa na fyuzi kule mbele. Kapeti lote liliungua na siti moja, mwenyewe aliokoa gari kwa kung'oa temino ya betri kwa mkono, na ule mkono aliuuguza mwezi.

mtu_wa_stendi

Aisee. Ile karatasi ya sigara iko kwenye tundu limeandikwa TAIL, hiyo ni ya nini?

spana_kumi

Taa za pembeni na za nyuma, mara nyingi na za namba ya gari na za dashibodi. Iliyokata ya kwanza kabla ya karatasi ilikata lini, ulipowasha taa au ukitembea?

mtu_wa_stendi

Nilipowasha tu. Nikiweka mpya inakata palepale ndo nikakasirika

spana_kumi

Una shoti tangu miaka miwili iliyopita. Anza kwenye vishikio vya balbu za nyuma na ule waya unaoingia mlango wa buti, pale unapojikunja kila ukifungua. Toa karatasi leo.

mwana_makete

Wakuu narudi na majibu baada ya siku tisa. Tulifungua dashibodi na fundi mwingine. Waya wa sigara ngozi yake ilikuwa imelainika, kipande kama cha kiganja kimegandana na waya wa jirani yake, ukivuta vinatoka pamoja kama tambi zilizolala. Miguu ya swichi imeungua nyeusi. Tumekata tukaunga upya kwa waya wa unene uleule, tundu la CIG limerudi 15.

Spoti nimezibakiza kwa ajili ya usiku mkavu, rilei imefungwa karibu na betri, waya 4mm² ya shaba, nimekwangua mwenyewe dukani mbele ya muuzaji akanuna. Fyuzi 25 iko kama sentimita 15 kutoka kwenye temino. Ile ya kioo nimeitoa. Kabla hatujafumua tulipima kwenye taa tukapata volti 11.9, sasa ni 13.5, mwanga umeongezeka mpaka jirani kauliza nimenunua taa gani mpya. Fyuzi haijakata hata mara moja na swichi ya baridi kama jiwe la mtoni.

Bado natafuta hizo LED za ukungu alizosema semi_tunduma, leo asubuhi nilishindwa kuona daraja. Zile za njano ni bora kuliko nyeupe au ni stori za vijiweni?

semi_tunduma

Njano macho hayachoki haraka, hicho tu ndo ninachoweza kukuambia kwa kutembea nazo. Kitakachokusaidia ni zifungwe chini na zielekezwe chini. Na mwendo, dogo.

spana_kumi

Safi sana. Wiki ijayo kaza tena nati ya temino ya betri na uguse kishikio cha fyuzi spoti zikiwa zimewaka robo saa. Kikiwa cha moto na fyuzi haijakata, mguu umelegea, badilisha kishikio.